Uvimbe uliyeyuka, saratani ikaendelea na safari: uchambuzi wa kisa cha Babe Ruth

Babe Ruth, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alifariki usiku wa tarehe 16 Agosti 1948 katika Hospitali ya Memorial jijini New York, akiwa na miaka 53. Wamarekani walijua kwa muda kwamba shujaa wao anaumwa koo. Sauti ilikuwa imemkauka, kumeza kulimshinda, na hakuna aliyekuwa hajaiona picha yake akiwa na sigara nene mdomoni. Basi ikaaminika kuwa ni kansa ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, iliyoletwa na tumbaku, na imani hiyo ikadumu miaka mingi baada ya mazishi. Uchunguzi wa maiti ulikuwa umeonyesha jambo jingine. Ugonjwa haukuanzia kwenye kisanduku cha sauti. Ulianzia juu zaidi, katika koromeo la juu, nyuma kabisa ya pua, chini ya sakafu ya fuvu. Kutoka hapo ulishuka shingoni, na mwishowe ukafika kwenye mapafu na ini.

Kwa msomaji ambaye besiboli si mchezo wake: Ruth aliupiga mpira ukavuka uzio mara 714 katika ligi kuu, na msimu wa 1927 peke yake mara 60. Rekodi ya kwanza ilidumu hadi 1974, ya pili hadi 1961. Mtu wa namna hiyo haumwi kimyakimya. Kila alipolazwa na kila aliporuhusiwa kuliandikwa magazetini, na madaktari wa vizazi vya baadaye waliirudia historia ya ugonjwa wake kuichunguza upya. Ndiyo maana tunaweza leo kuupitia hatua kwa hatua, jambo ambalo kwa wagonjwa wengi wa zama zile haliwezekani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho familia nyingi hukigundua wakiwa wamechelewa. Tukisikia kansa ya koo tunaliogopa koo: mgonjwa atakosa sauti, atashindwa kula, atakabwa pumzi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kuna saratani za koo ambazo mahali zilipoanzia huweza kutulia, uvimbe ukapungua, mgonjwa akaongezeka uzito, huku seli zilizokwisha kuondoka zikikua kwenye mfupa, ini au pafu. Saratani ya koromeo la juu ndiyo hodari zaidi wa safari hiyo kati ya saratani zote za kichwa na shingo.

Jicho, sauti na meno yaliyong'olewa

Mambo yalianza mwaka 1946 kwa maumivu makali ya kichwa, upande wa jicho la kushoto. Dawa za kawaida hazikuyatuliza. Uso ukavimba upande huo hata jicho likafumba. Sauti ikaanza kukwaruza, kisha kumeza kukawa kazi. Novemba mwaka huo alilazwa French Hospital, New York. Fikra za kwanza zilikwenda kwenye mifuko ya hewa ya usoni na kwenye meno, na meno yakang'olewa. Maumivu hayakwisha. Picha za eksirei zilipofuatilia chanzo, zilionyesha kwamba tatizo liko kwenye msingi wa fuvu.

Tusiwalaumu haraka. Koromeo la juu ni chumba kidogo kilichojificha. Ukimwambia mgonjwa apanue mdomo, ukammulika kwa tochi na kumkandamiza ulimi, utaona kimio, matonsi na ukuta wa nyuma wa koo, lakini chumba chenyewe kiko juu ya kaakaa laini na hukioni. Pembeni mwake kuna kishimo kilicho jirani na tundu la mrija unaopeleka hewa sikioni, na hapo ndipo saratani hii hupenda kuanzia. Kwa hiyo dalili zake za mwanzo zinajificha ndani ya magonjwa ya kawaida: sikio moja kuziba au kuvuma, pua kuziba upande mmoja, makamasi yenye michirizi ya damu, muhina (damu kutoka puani) wa mara kwa mara, kichwa kisichopoa. Nani asiyewahi kuyapata haya? Mtu hupewa dawa ya mafua, ya sikio, ya vipanda uso, na kila moja humpa nafuu ya siku mbili tatu.

Sauti ya Ruth inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo iliyowapoteza watu. Chini ya fuvu, pembeni mwa koromeo la juu, hupita neva zinazotoka kwenye ubongo kwenda kooni, kwenye ulimi na kwenye nyuzi za sauti. Uvimbe ukipanuka kuelekea huko unazibana. Uzi wa sauti ukikosa amri ya neva unapooza, na mtu anakwaruza ingawa zoloto lake halina kidonda. Misuli ya kumezea nayo hulegea, chakula kikapita njia isiyo yake. Neva nyingine za juu zaidi zikiguswa, mtu huona vitu viwili viwili au uso unakufa ganzi. Kwa lugha ya hatua za saratani, neva za fuvu zikishaguswa ugonjwa umevuka mipaka ya mahali ulipozaliwa. Ruth alipofika hospitali akiwa na sauti ile, alikuwa na ugonjwa mkubwa wa eneo hilo, hata kama hakuna picha iliyoonyesha doa lolote kwenye mapafu.

Januari 1947 walimpasua shingo upande wa kushoto. Walikuta uvimbe umeshikana na mshipa mkubwa wa damu na neva za hapo, na kuutoa wote hakukuwezekana. Alipewa mionzi. Alipotoka hospitalini Februari alikuwa amekonda mno, mwili uliojulikana kwa unene ukiwa umepoteza makumi ya kilo. Tarehe 27 Aprili, uwanja wa Yankee, wa timu yake ya zamani, ulipojaa watu karibu 60,000 kumheshimu, alisimama mbele ya kipaza sauti na wote wakasikia sauti ile iliyokwaruza. Yeye mwenyewe aliwaambia kuwa jinsi sauti inavyosikika vibaya ndivyo anavyojisikia.

Hakuambiwa. Kwa desturi ya madaktari na familia za wakati ule, neno saratani halikutamkwa mbele ya mgonjwa, na simulizi za maisha yake zinakubaliana kwamba walimficha. Najua kwetu bado tunafanya hivyo: daktari anaitwa pembeni na mjomba au kaka mkubwa, anaombwa asimwambie mzee. Nia ni upendo. Lakini mgonjwa asiyejua anachoumwa hawezi kujua ni dalili gani aikimbilie hospitali na ipi aipuuze, na katika ugonjwa unaosafiri, ujuzi huo ni sehemu ya matibabu.

Kiangazi cha nafuu

Mwishoni mwa Juni 1947 Ruth alianza dawa mpya katika Hospitali ya Mount Sinai, chini ya Dk. Richard Lewisohn. Lewisohn alikuwa daktari wa upasuaji ambaye jina lake lilikwisha kuingia kwenye historia miaka thelathini nyuma, alipoonyesha kiasi salama cha sitreti kinachozuia damu ya kuongezewa wagonjwa isigande. Sasa alikuwa akifuatilia foliki asidi, vitamini ya kundi B, na jamii yake katika uvimbe wa panya. Dawa aliyompa Ruth iliitwa teropterini, kemikali ya ukoo wa foliki asidi. Ilikuwa ngeni kabisa kwa binadamu. Ruth alichomwa sindano kila siku kwa wiki sita hivi, na baadaye alieleza kuwa alikubali akijua kwamba lolote litakalojifunzwa kwake, zuri au baya, lingeweza kuwafaa wengine.

Matokeo yaliwashangaza wote. Tezi zilizovimba shingoni zikayeyuka. Maumivu yakapungua, akaanza kula vyakula vigumu, uzito ukarudi. Septemba 1947, katika mkutano wa kimataifa wa saratani huko St. Louis, mgonjwa huyu alielezwa bila kutajwa jina, na haikuchukua muda magazeti yakaanza kuandika juu ya dawa inayoyeyusha kansa. Historia ya tiba inamhesabu Ruth miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa saratani kutibiwa kwa mionzi na dawa kwa pamoja.

Hapa ndipo kiini cha kisa, na naomba msomaji atulie nami. Uvimbe wa shingo ndio uliokuwa ukionekana. Ndio uliopimwa kwa vidole, ndio uliowapa watu matumaini ulipopungua. Lakini tezi ya shingo iliyovimba kwa saratani ni ushahidi kwamba seli zimekwisha kujifunza kuondoka nyumbani: zimejibandua kwa wenzake, zimepenya kwenye mishipa ya limfu (majimaji ya mwili yanayochujwa na tezi), zimefika kwenye tezi na zikaweza kuishi huko. Zinazoweza hayo zinaweza pia kuendelea mbele. Tezi ikiyeyuka, kilichothibitika ni kuwa dawa imezifikia seli za hapo. Hakijathibitika chochote kuhusu zile zilizoshapita. Mwaka 1947 hapakuwa na CT skani wala MRI, hapakuwa na kipimo cha damu cha kuzifuatilia. Madaktari waliona shingo, nao waliisoma sawasawa. Kile kilichokuwa kikiendelea ndani hawakuwa na jicho la kukiona.

Nafuu haikudumu. Tarehe 13 Juni 1948 alirudi uwanjani kwa maadhimisho ya miaka 25 ya uwanja wa Yankee, jezi yake namba 3 ikastaafishwa rasmi. Mpiga picha Nat Fein alimpiga kwa nyuma, ameinama akiegemea gongo la kuchezea, na picha hiyo ikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Siku kumi na moja baadaye alilazwa Memorial, hospitali ya saratani, na ugonjwa ulikwisha kumfika kwenye mapafu na ini. Agosti taarifa za hospitali zilianza kutaja matatizo ya mapafu. Kisha mwisho.

Tangu dalili zilipoanza hadi kifo ilikuwa kama miaka miwili. Urefu huo si wa ajabu. Mpaka leo, saratani ya koromeo la juu inaporudi mbali na shingo, mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza baada ya matibabu.

Njia zinazopitwa

Limfu ya shingo yote hushuka na kumwagika kwenye vena kubwa iliyo nyuma ya mtulinga. Seli ya saratani iliyotoka koromeoni inaanza kwa tezi za juu za shingo, zile za chini ya sikio na nyuma ya pembe ya taya. Zikishaelemewa, inashuka tezi kwa tezi hadi karibu na mtulinga. Ndiyo maana daktari mzoefu huuliza kwanza uvimbe uko wapi kabla ya kuuliza una ukubwa gani: uvimbe uliofika juu ya mtulinga unamaanisha safari imefika ukingoni mwa mto wa damu, na hatari ya kusambaa mbali inapanda sana.

Ikiingia kwenye vena, seli inafika upande wa kulia wa moyo na kusukumwa moja kwa moja kwenye mapafu. Mapafu ndiyo chujio la kwanza, mishipa yake ni myembamba kiasi kwamba seli nyingi hunasa humo. Zinazopenya zinarudi upande wa kushoto wa moyo na kutawanywa na ateri mwili mzima, ini likiwemo. Mifupa ya mgongo ina mlango wake wa ziada: mtandao wa vena zisizo na vali unaotoka kwenye fuvu kushuka kandokando ya uti wa mgongo, ulioelezwa na Oscar Batson mwaka 1940. Damu humo inaweza kwenda juu au chini kwa kutegemea shinikizo, hata kukohoa tu kunaibadilisha.

Hata hivyo njia peke yake haielezi mahali ugonjwa unapotua. Daktari wa Uingereza Stephen Paget aliliona hilo mwaka 1889 alipopitia kumbukumbu za maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya titi: viungo vingine vilishambuliwa mno, vingine vyenye damu nyingi vikaachwa. Akafananisha seli na mbegu, zinazobebwa kila upande lakini huota tu penye udongo unaozifaa. Utafiti wa karne iliyofuata umempa haki. Seli nyingi mno zinazoingia kwenye damu hufa humo, zinapondwa na msukumo au kuliwa na kinga ya mwili. Chache zinazotua huweza kulala miezi au miaka bila kukua. Nyingine hupata mahali panapozilisha.

Kwa saratani ya koromeo la juu, udongo huo kwanza ni mfupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu, kisha mapafu na ini. Ruth alionyesha wawili kati ya hao watatu. Kansa ya zoloto au ya koromeo la chini, ambayo ndiyo hasa ya tumbaku na pombe, hufuata mpangilio tofauti: hupendelea mapafu kwanza, na huchelewa zaidi kusafiri. Uzi wa sauti una mishipa michache sana ya limfu, na kidonda kidogo hapo hubadilisha sauti mapema, hivyo mtu anayekwenda hospitali baada ya wiki tatu za sauti kukwaruza ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Koromeo la juu lina mishipa ya limfu tele na halipigi kelele. Kwa hiyo wagonjwa saba au wanane kati ya kumi hufika tayari wakiwa na tezi shingoni, na kati ya wagonjwa mia, watano hadi kumi huwa tayari na ugonjwa kwenye kiungo cha mbali.

Mtu akiniuliza kwa nini nasisitiza jina la mahali hasa, sababu ni hiyo. Kusema tu kansa ya koo kunachanganya magonjwa yenye tabia tofauti, dawa tofauti na ramani tofauti za kusambaa. Wananchi wa Marekani walidhani wanajua Ruth anaumwa nini, kumbe walikuwa wakiutazama ugonjwa mwingine.

Uzi unaopita Nairobi na Kampala

Saratani hii ni nadra Ulaya na Marekani. Kusini mwa China ni ya kawaida, na Kenya iko kwenye kundi la kati, pamoja na nchi za Afrika Kaskazini. Katika miaka ya 1960 daktari wa upasuaji Peter Clifford, aliyefanya kazi hospitali kuu ya Nairobi, alikusanya wagonjwa wengi, wengi wao kutoka nyanda za juu. Alishuku moshi wa kuni ndani ya nyumba zisizo na dirisha la kutosha.

Miaka hiyohiyo, Kampala, Denis Burkitt alikuwa ameeleza uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake hadi leo. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Mwaka 1966 kundi la watafiti wa Taasisi ya Sloan-Kettering, ndugu wa hospitali ileile alimofia Ruth, likiwa na Clifford miongoni mwa waandishi wake, likaripoti kwamba damu ya wagonjwa wa saratani ya koromeo la juu ina kingamwili zinazoitambua chembe iliyotoka kwenye seli za uvimbe wa Burkitt. Uhusiano wa kirusi cha Epstein-Barr na saratani hii ulianzia hapo. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani hukibeba kirusi hicho maisha yao yote bila kuugua, kwa hiyo peke yake hakitoshi. Urithi, samaki wa chumvi wa kusini mwa China, moshi na mengine huongeza uzito. Lakini ndani ya seli za saratani zenyewe kirusi kimo karibu daima.

Ugunduzi huo ulizaa kile ambacho Lewisohn hakuwa nacho. Seli za saratani zinapokufa humwaga vipande vya chembeurithi za kirusi kwenye damu, na mwaka 1999 Dennis Lo na wenzake wa Hong Kong walionyesha kwamba vipande hivyo vinaweza kupimwa. Mgonjwa mwenye kiasi kikubwa kabla ya matibabu ana uwezekano mkubwa wa ugonjwa kusambaa. Aliyemaliza mionzi na bado vinaonekana, huyo anatafutwa zaidi hata kama shingo yake ni laini kabisa. Mwaka 2017 kipimo hicho kilitumika kwa wanaume wa Hong Kong wapatao 20,000 wasio na dalili. 34 waligunduliwa, wengi wakiwa katika hatua za mwanzo.

Mgonjwa kama Ruth leo

Tumchukue mtu wa miaka 51 anayefika kliniki ya masikio, pua na koo akiwa na kichwa cha upande mmoja, sauti iliyokwaruza na uvimbe shingoni. Kamera nyembamba ingepitishwa puani siku hiyohiyo, kinyama kikatwe kutoka kwenye kishimo na kipelekwe maabara. MRI ingeonyesha sakafu ya fuvu na neva, CT ya kifua na tumbo na kipimo cha mifupa vingetafuta wasafiri. Kama hawapo, kwa mpangilio wa hatua uliotumika hadi 2024 angehesabiwa hatua ya nne kwa sababu ya neva (mpangilio mpya unamweka hatua ya tatu), lakini ni ugonjwa ambao bado unatibiwa kwa nia ya kuponya. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa familia nyingi zikisikia hatua ya nne huanza kuuza vitu kwa ajili ya msiba.

Mionzi ingepangwa kwa wiki saba hivi, pamoja na dripu za sisiplatini, dawa ya kuua seli za saratani. Wazo ni lilelile la kiangazi cha 1947: mionzi inatibu inapoelekezwa, dawa inakwenda na damu kuwafuata walioondoka. Tofauti ni kwamba sasa wazo hilo limepimwa. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, waliopewa mionzi pamoja na dawa walikuwa hai 78 kati ya mia, dhidi ya 47 waliopewa mionzi pekee. Teropterini yenyewe haikudumu, lakini ukoo wake uliendelea. Juni 1948, mwezi uleule Ruth alipolazwa Memorial, Sidney Farber wa Boston alichapisha matokeo ya aminopterini kwa watoto wenye saratani ya damu, na kutoka kwenye njia hiyo ikaja methotreksati, inayotumika hadi leo.

Kama wasafiri wameshafika kwenye mfupa au ini, jemisitabini na sisiplatini ndizo dawa za mwanzo, na tangu 2023 Marekani imeidhinisha kuziongezea toripalimabu, dawa inayoifungua kinga ya mwili. Bei yake bado iko mbali sana na wagonjwa wetu wengi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeshasambaa lakini dawa zinauitikia, kuongeza mionzi ya koromeo na shingo huwarefushia maisha. Utafiti wa China uliochapishwa 2020 ulikuta 76 kati ya mia wakiwa hai baada ya miaka miwili, dhidi ya 55 waliopewa dawa pekee. Chanzo kikinyamazishwa, kinaacha kutuma wengine.

Huku kwetu kuchelewa kuna sura zake. Alichofanyiwa Ruth kwa meno, sisi huwafanyia watu kwa kimio: kikohozi na koo lisilopona, kimio kinakatwa kwa wembe, damu inamwagika, uvimbe wa juu ya kaakaa unabaki palepale. Sura ya pili ni dawa za TB. Uvimbe wa shingo kwetu mara nyingi kweli ni kifua kikuu cha tezi, kwa hiyo kukishuku ni sahihi. Kosa ni kumaliza miezi ya vidonge bila kuchoma sindano kwenye uvimbe na kutazama seli chini ya hadubini, wala kupitisha kamera puani. Uvimbe mgumu usiouma, uliokaa zaidi ya wiki tatu, unastahili vyote viwili. Kijana naye apimwe: ugonjwa huu huwapata pia wenye umri wa shule na wa miaka ya ishirini, ambao hakuna anayewafikiria kuwa na kansa.

Aliyemaliza matibabu ana miaka mitatu ya uangalizi wa karibu, na shingo pekee haitoshi kuangaliwa. Maumivu ya mgongo au nyonga yanayomwamsha usiku yapigiwe picha kabla ya dawa ya kuchua. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Kukonda bila sababu, macho ya manjano, kikohozi kisichoisha, vyote virudishwe kliniki. Na mfupa ukishaguswa, dozi moja ya mionzi mahali panapouma hupunguza maumivu sawa na dozi nyingi, jambo linalomwokolea mgonjwa wa Eldoret au wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wiki nzima ya nauli na malazi.